Shimo kwenye Ukuta wa Jikoni

Kemunto wangu,

Umeenda kwa Nyanya kuaga. Ninavyomjua mama ya baba yako, hatakuachilia kabla hujala, halafu akupe kitu cha kubeba, halafu akuite tena kutoka njiani kwa sababu amesahau kukuombea. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye kile kiti kifupi cha jikoni, daftari liko magotini, na chungu cha mboga ya chinsaga kiko motoni siku ya tatu. Jua la saa tisa limeingia mlangoni mpaka kwenye majivu. Hata kuku wamekataa kutembea, wamelala chini ya mkokoteni wakitanua mabawa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijaacha shule. Kikwetu nakijua mdomoni tu, na nikikuambia haya kwa mdomo nitalia, wewe utasema, "Mama, si uache," na neno lenyewe litarudi tumboni. Limekaa huko wiki mbili sasa. Usicheke maandishi yangu. Pale nimekata nimekata ni kwa sababu nilifikiria upya.

Habari ya sabuni, kufuli na soksi sitaandika. Shule imetuma orodha ya kurasa mbili na tumeipitia mpaka karatasi ikachanika pale kwenye mkunjo. Usome, uombe, usikopeshe mtu blanketi. Hayo yote umeshayasikia kanisani na kwa shangazi zako. Mimi nataka tuongee juu ya ukuta.

Najua umesimama hapo uliposoma hilo neno. Endelea tu. Hakuna mtu ana hasira.

Ulikuwa na miaka saba, mimi ishirini na tano. Baba yako alikuwa amepata kazi ya mjengo Nakuru, anakuja mwisho wa mwezi, mwezi mwingine haji. Jua la mwaka ule lilianza kabla ya Krismasi na likakaa. Unajua jua la kwetu hapa Magwagwa: asubuhi unavaa sweta, ikifika saa sita mchai umekunja majani kama mtu aliyekunja uso. Majani ya kuchuma yakawa machache. Ng'ombe akawa anatoa maziwa ya kikombe kimoja na nusu, tena kwa kubembelezwa. Sukuma wiki ikakauka kwa kila shamba. Kitu kimoja tu kilibaki kijani hapa nyumbani, chinsaga ya Nyanya, hii mboga chungu ambayo watu wa mjini wanaiita saga. Ilikuwa imeota kwenye zizi la zamani, mahali ambapo samadi ya ng'ombe wa babu yako ilikuwa bado inafanya kazi miaka mingi baada ya ng'ombe wenyewe kuisha. Kila jioni Nyanya aliinyunyizia maji aliyooshea vyombo, huku akiisemesha kama watoto waliochelewa kulala.

Akaniambia, "Chuma hiyo, umlishe mtoto." Mimi nikachuma, nikapeleka sokoni.

Wakati wa jua mboga ya kienyeji inakimbiliwa, si unajua. Nilikuwa nikifika tu, kabla sijatandika gunia, wamama wa hoteli wameshanizunguka. Nikazoea. Nikauza chinsaga, nikauza mboga ya managu iliyoota yenyewe kando ya choo, nikauza mayai, nikauza ile mikungu miwili ya ndizi, na kikombe kile cha maziwa nikampelekea mwalimu jirani. Hata mapera uliyokuwa umeokota wewe mwenyewe niliyaweka kwa ndoo nikayauza. Na kila siku ya soko nilirudi na mkate na chupa ya soda. Ulikuwa unanisubiri pale kwenye daraja la miti. Ukiona karatasi ya mkate inang'aa kwenye kikapu unaruka ruka, unawaita watoto wa jirani waje waone. Kemunto, sijui kama nimewahi kujisikia mama kama nilivyojisikia pale darajani.

Nikueleze kwa nini. Nilipokuwa darasa la tano, mama yangu alikuwa ananifungia chakula cha mchana kwenye mkebe, ugali wa wimbi na chinsaga. Wenzangu watoto wa walimu walikuja na mkate uliopakwa siagi. Nikifungua mkebe wanashika pua. Na kwa sababu kila mtu anajua chinsaga nzuri hutoka zizini, wakaniita Zizi. "Zizi amekuja. Zizi ameshiba." Mpaka leo kuna mwanamke wa rika langu sokoni Nyamira akiniona anacheka na macho, na mimi najua anakumbuka. Nilipokuzaa nikaapa kimoyomoyo kwamba mtoto wangu hataitwa Zizi. Atakula chakula cha kununua. Sikujua ninaapa nini.

Kwa hiyo siku ambazo si za soko ulikuwa unakula nini? Ugali mweupe na chai ya rangi. Hapa kwetu mtu anaweza kukosa chumvi, chai hakosi. Asubuhi chai, mchana ugali wa kuchovya kwenye chai, jioni kabichi iliyochemka mpaka imekuwa maji, na chai kali ya kusukumia. Ulikuwa umezoea kuuchovya ugali mpaka unageuka rangi ya matofali. Ukacheka unasema umepika ugali wa wimbi.

Nyanya alikuja siku moja akakukuta hivyo. Akakaa, akakuangalia ukila, akasema polepole, "Moraa, chai tunampa mgeni. Huyu si mgeni."

Nikamjibu kwamba mambo ya zamani yana wenyewe, na watoto wa siku hizi hawataki uchungu. Nilimjibu hivyo mbele yako. Yeye akanyanyuka, akafunga leso, akaenda kunyunyizia zizi lake maji. Hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Habari ya ukuta niliigundua mwezi wa pili. Nilikuwa nimeukandika upya mwenyewe, udongo mwekundu wa mtoni na kinyesi cha ng'ombe, ukapendeza. Halafu naona pale nyuma ya mlango, urefu wa kifua chako, kuna shimo la ukubwa wa yai. Nikadhani panya. Nikaziba. Kesho yake limefunguka, na safari hii lina alama za kucha. Nikakuvizia. Ukaja ukitazama nyuma, ukakwangua, ukaweka ulimini, ukafumba macho.

Nilichukua fimbo ya mchai, zile kuni zinazotoka mchai ukipogolewa, ngumu, zina vifundo. Sitaandika nilikupiga mara ngapi. Unajua wewe. Nilikuwa nauliza, "Nani amekunyima chakula? Nani? Unataka watu waseme nimekunyima chakula?" Ulisema, "Mama, sitarudia." Na hukurudia pale. Ulihamia upande wa nyuma, kule ghala la mahindi linakoficha ukuta, ukatengeneza shimo lingine ambalo sikuliona kwa wiki nyingi. Hicho ndicho nilichokufundisha na ile fimbo. Kujificha vizuri.

Kilichofuata hukikumbuki vizuri, kwa sababu ulikuwa nusu usingizini. Tulikuwa tunachuma majani, mimi mstari wa juu, wewe unanifuata na kikapu kidogo. Nikakuita, kimya. Nikakuita tena kwa hasira. Nikarudi nikakukuta umekaa katikati ya mchai, kichwa kwenye magoti, jua la saa saba likikupiga shingoni. Nikakutikisa, ukafungua macho ukasema umechoka, ukayafunga. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Nikapiga kelele, Nyanya akatoka kule chini akikimbia, mwanamke wa umri ule, akakuweka mgongoni kabla mimi sijajua nifanye nini. Alikubeba mpaka dispensari. Mimi nilibeba viatu vyako.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mpole, ana kalamu nywelani. Akashusha kope yako ya chini kwa kidole, akaniita nitazame. Ndani kulikuwa kweupe kama ganda la yai. Akaniuliza, "Mama, mtoto anakula nini?"

Nikasema anakula kila kitu.

Akakugeukia wewe. "Na udongo, unakula?"

Uliniangalia kwanza. Uliangalia mkono wangu, huu wa kulia, halafu ukasema, "Hapana. Niliacha."

Yule muuguzi akachukua vidole vyako, akavigeuza, akatazama kucha. Zilikuwa nyekundu kwa ndani. Alikupa biskuti, akakutuma nje ukakae na Nyanya, ndipo akaniambia, "Usimpige tena. Mwili wake unatafuta kitu, haujui kinaitwaje. Damu imeisha, mama." Akaniuliza kuhusu chai. Nilipomweleza alikunja uso kama anayejua jibu. Akanifafanulia kwamba chai ikienda pamoja na chakula inazuia ile nguvu ya damu iliyo kwenye chakula, na kwamba hata hicho kidogo nilichokuwa nakupa nilikuwa nakifungia mlango. Chai ikae peke yake, baadaye, saa moja au mbili mbele. Mboga ya kijani iliyokolea, maharagwe, wimbi, nyama ikipatikana, na kando yake pera au chungwa au ndimu. Akakupa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Halafu akauliza kama nyumbani hatuna mboga za kienyeji, maana huku kwetu hazikosekani.

Nilitazama ukutani kwake kulikobandikwa picha za mboga. Ya kwanza kabisa ilikuwa chinsaga.

Jioni ile, ukiwa umelala kwa Nyanya, niliuzunguka ukuta mpaka nyuma ya ghala nikilitafuta shimo lako. Nililipata kwa kupapasa. Nikakwangua kidogo kwa ukucha, nikaweka ulimini. Ilikuwa na ladha ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Nikaelewa kidogo. Nikaogopa sana.

Sasa miezi iliyofuata, hiyo najua unaikumbuka, kwa sababu wewe mwenyewe huwasimulia wengine kama hadithi ya kufurahisha. Tulivyokuwa tunapanda kutoka mtoni jioni, wewe na kile kidumu chako cha mafuta ya kupikia, tukimwagia zizi maji. Nyanya akitupangia kazi kama mwenye shamba: huyu achambue, huyu achuje, huyu akae asiguse. Siku ya kwanza inachemshwa, maji ya uchungu yanamwagwa. Siku ya pili maziwa. Siku ya tatu maziwa tena, moto mdogo, mpaka inalainika na ule uchungu unabaki kwa mbali tu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Alimalizia kupika Ijumaa mchana ili ipite Sabato yote bila moto kuguswa. Ulikataa mara ya kwanza, ukatema. Nyanya hakukulazimisha. Alikula yeye, akafunga macho, akasema, "Wacha, watoto hawawezi hii. Hii ni ya watu wazima." Ukaomba kijiko.

Na ile vita ya chai. Unakumbuka Mama Nyaboke wa ng'ambo alipokuja, tukampa ugali na chinsaga na maji? Maji matupu, kwenye nyumba iliyozungukwa na mchai pande zote nne. Alitazama kikombe, akatazama mlango, akauliza kama tumehamia kanisa lingine. Nikamwambia chai inakuja, angoje kidogo. Akangoja. Tulipomletea ile chai alikuwa ameshachelewa kukamua, na akamtangazia kila mtu kwamba kwa Moraa chai hutolewa kwa miadi. Mpaka leo wanatutania hivyo. Wewe ulicheka mpaka ukaanguka kwenye kuni, na nilipoona ulimi wako mwekundu mdomoni nikageuza uso nikajifanya nachochea moto.

Nilidhani hiyo hadithi iliisha pale. Ningependa barua iishie pale pia.

Mwaka huu umeitwa shule ya Kitui. Tulipopata ujumbe kwenye simu Nyanya aliuliza Kitui ni upande gani wa Nakuru, kwa sababu kwake kila kitu kinapimwa na Nakuru. Tukafurahi. Halafu nikaanza kufikiria sanduku, godoro, sweta mbili, viatu vya ngozi. Na jua lilikuwa limeanza, na mboga ya kienyeji inakimbiliwa.

Kemunto, nilifanya lile lile. Sikuliona nikilifanya. Tangu Novemba nimekuwa nikiamka kabla yako, nikivuna zizi lote, nikibeba maziwa yote, nikijiambia ni kwa ajili yako. Jioni nilirudi nimechoka, ukapika ugali, tukanywa nao chai kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Wewe umeshakuwa msichana mkubwa, kila mwezi unapoteza damu yako, na mama yako anachukua kinachoirudisha anakifunga kwa gunia anakipeleka sokoni. Lile sanduku la bluu lililokaa pale mlangoni, lile umelipiga picha na simu ya baba yako, nikilitazama naona mboga ambayo hukuila.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyuma ya ghala kutafuta jembe. Kwenye rundo la kuni kulikuwa na unga mwekundu, mbichi, haujapeperushwa hata na upepo. Juu yake shimo jipya. Sasa liko urefu wa kifua cha msichana wa miaka kumi na sita.

Nilikaa juu ya kuni. Sikukuita. Usiku ule ule niliacha kuuza. Umejiuliza kwa nini ghafla tunakula maini na dagaa wa omena na managu kila siku kama watu wanaosubiri mgeni. Ni hiyo. Halafu Alhamisi tukaenda dispensari kujaziwa ile fomu ya afya ya shule, na kijana yule wa sindano akasema damu iko chini, si sana, lakini iko chini, na akaandika vidonge. Akakuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Unakula udongo, mawe, kitu kama hicho?"

Ukaangalia mkono wangu.

"Hapana. Niliacha."

Maneno yale yale. Sauti yako imekuwa nzito, umenipita urefu, unasoma vitabu ambavyo mimi nasoma jalada tu, na ulijibu na sauti ya miaka saba. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo, najua, nikanyamaza. Nilisema tu, "Daktari, vidonge vinamezwa asubuhi au jioni?" Tukarudi nyumbani tukiongea habari ya soksi.

Kwa hiyo naandika kile nilichotakiwa kusema pale. Ulidanganya kwa sababu mimi nilikupiga ulipokuwa mgonjwa. Hukuwa na makosa ukiwa na miaka saba na huna makosa sasa. Huo mkono ulioutazama ni wangu, na aibu yake ni yangu. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa mdogo, lakini hata mdogo ana macho.

Siku tuliponunua sanduku mjini Kisii, wewe ulikuwa nje unachagua kufuli. Yule mama wa duka, Mhindi yule anayeombwa apunguze bei kwa Kiswahili, anakataa kwa Kigusii safi kuliko changu, aliniuliza mtoto anaenda wapi. Nikasema Kitui. Akaacha kuhesabu chenji. Akasema amekaa upande ule akiwa msichana, na jua la huko halifanani na letu, linamnywa mtu bila yeye kujua. Akasema nyumbani kwao miezi ya joto mama yake alikuwa anawapa maziwa ya mgando yaliyozimuliwa kwa maji, na chumvi kidogo, kila mchana. Nikamwambia Nyanya anafanya vivyo hivyo ukitoka shambani, ila haweki chumvi. Akasema, "Basi mwambie aweke." Nimemwambia. Nyanya amesema huyo mama anajua kuuza masanduku, maziwa amwachie yeye. Lakini jana nimemwona ametia chumvi.

Huko sitakuwepo kukupikia na shule haikubali chakula kutoka nyumbani. Nyanya amekukaushia chinsaga kivulini na kusaga unga wa wimbi, na alitaka tuufiche ndani ya soksi. Nikamwambia masanduku yanakaguliwa. Akasema, "Waambie ni poda." Tumekubaliana hivyo vitu vingoje hapa mpaka Aprili.

Nimeulizia kwa mwalimu aliyewahi kufundisha kule. Anasema wana kunde, majani yake ni mboga na mbegu zake ni chakula. Wana pojo na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na maembe wakati wake mpaka yanatupwa. Hiyo ni damu pia, Kemunto, imevaa nguo ya kwao tu. Usiikatae kwa sababu si yetu. Mimi nilikataa yetu kwa sababu watoto fulani walishika pua, na ona ilivyotugharimu. Ukikuta msichana anachekwa kwa chakula alichokulia, kaa karibu naye. Chai watakupa, na watakupa pamoja na chakula. Iache ipoe, kula kwanza, maji yako kando, uinywe ukitoka kufua. Watakuita mtu wa miadi. Umeshazoea. Vidonge viko kwenye kona ya sanduku, chini ya Biblia. Umeze na chungwa au maji, usimeze na chai.

Mengine utayaona mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja.

Ile hamu inaweza kurudi. Jua likiwa kali na damu ikishuka, utapita kando ya tuta la mchanga lililonyeshewa, na mdomo wako utajaa maji, na utaona aibu. Utatafuta nyuma ya ghala lao. Kabla hujafika huko, nenda kwa matroni uombe simu. Najua atakuwa amesimama hapo anasikiliza na wasichana wako foleni. Hutahitaji kusema kitu cha kukuaibisha. Niulize tu, "Mama, ukuta uko aje?" Basi. Nitajua. Nitaongea na matroni mimi mwenyewe, upelekwe ukapimwe, na kama inabidi nije Kitui nitakuja, hata nifike na tope la zizi miguuni. Nikiulizwa mimi ni nani nitasema mimi ndiye Zizi.

Wiki iliyopita baba yako alitaka kupiga ukuta wote wa jikoni saruji. Nilimkatalia, akakasirika, akasema mimi sipendi maendeleo. Sikuweza kumweleza. Nataka yale mashimo mawili yakae, la kifua cha mtoto na la kifua cha msichana, mpaka urudi Aprili. Mvua itakuwa imeanza, udongo wa mtoni utakuwa laini. Tutakwenda dispensari kwanza wakutoe tone moja la damu. Likiwa zuri tutachanganya udongo, mimi na wewe, tuzibe. Likiwa bado, tutayaacha, tutapika, tutangoja. Sina haraka na ukuta.

Nakuona sasa unashuka katikati ya mchai. Nyanya yuko nyuma yako na kitu chini ya leso, na namna anavyotembea najua ni ile poda. Nitaficha hii barua chini ya vidonge. Utaikuta Kitui, kwa hiyo leo jioni hutajua lolote, na mimi nitakuwa kama kawaida. Lakini nikikupakulia chinsaga nitakushika mkono kidogo kabla sijakupa sahani. Ukishaisoma utakumbuka. Ulikuwa mkono huu huu wa kulia.

Mama yako,
Moraa